Nani Amwigize Mke wa Potifa?

Baba mmoja, mkulima, ambaye kwa miaka mingi amekuwa mwenyekiti wa kigango chake, ametuandikia barua ndefu kwa mkono wake mwenyewe. Hataki jina lake litajwe, wala la parokia yake, wala la shule, nasi tutamtimizia haja yake. Lakini swali lake si la parokia moja tu. Ndiyo sababu tumeona vema kulileta mbele ya wasomaji wetu wote.

Habari yenyewe ni hii. Shule ya sekondari ya hapo kwao ilikusudia kuonyesha mchezo wa kuigiza wenye nyimbo siku ya jubilei ya miaka 50 ya parokia. Walimu walichagua habari ya Yosefu mwana wa Yakobo, jinsi alivyouzwa na ndugu zake, akatiwa gerezani huko Misri, na mwisho akawalisha wale wale waliomuuza. Nyimbo zilitungwa na mwalimu wa kwaya pamoja na wanafunzi; ngoma zikawambwa ngozi mpya; mazoezi yakaendelea muda wa miezi miwili. Binti wa baba huyu, aliye Kidato cha Tatu, alipewa sehemu ya mke wa Potifa, kwa kuwa sauti yake ilikuwa na nguvu kuliko za wenzake, tena haogopi watu.

Siku tisa kabla ya sikukuu, wazazi kadha wa kadha walimwendea mwalimu mkuu. Walisema ya kwamba ni aibu msichana wa Kikristo asimame mbele ya kanisa zima na kumwimbia kijana maneno ya kumshawishi. Mwalimu mkuu, asitake kuharibu sikukuu, alikata shauri siku ile ile: sehemu ya mke wa Potifa iondolewe yote. Siku ya jubilei ikafika. Watazamaji walimwona Yosefu akifanya kazi kwa uaminifu nyumbani mwa bwana wake. Mara wakamwona amefungwa minyororo gerezani. Mtoto mdogo aliyekaa mbele akauliza kwa sauti kuu, “Amekosa nini?” Watu wakacheka, wala hapana aliyemjibu.

Binti hakucheka. Tangu siku ile wenzake kisimani wakamwita kwa jina la “Mke wa Potifa”, na wako watu wazima waliolichukua jina hilo pia. Usiku mmoja alimwuliza baba yake, “Baba, mimi nimekosa nini?” Na baba anatuuliza sisi: “Je, mtoto wangu alinusurishwa, au alidhulumiwa?”

Hatupendi kulijibu swali hili kwa haraka, kwa maana pande zote mbili zina watu wa heshima. Wazazi waliolalamika si wajinga. Walitaka kulinda usafi wa moyo wa watoto wao. Walimu nao si wahuni. Walitaka kufundisha Maandiko kwa njia inayoingia moyoni. Tuwasikilize wote.

Kwanza tukiri ya kwamba hofu ya wazazi hawa ni ya kale, tena ina ukoo mwema. Yapata mwaka 200, Tertuliano wa Karthago aliandika kitabu kizima cha kuwaonya Wakristo wasiende kwenye michezo ya kipagani. Miaka 200 hivi baadaye, Mtakatifu Augustino, naye pia Mwafrika, alieleza katika kitabu chake cha Maungamo jinsi alivyopenda michezo ya kuigiza alipokuwa kijana mwanafunzi huko Karthago. Alikuwa akilia machozi kwa ajili ya taabu za watu wa kubuni, na machozi hayo yalimpendeza. Baadaye alijionea haya, kwa kuwa huruma ile haikumwinua kumsaidia mtu yeyote. Onyo hilo lina nguvu hata leo. Mtu aweza kuulilia mchezo, kisha akapita mbele ya jirani mgonjwa bila kumtazama.

Lakini Kanisa hilo hilo lililoonya, lenyewe lilipanda jukwaani. Katika karne ya 12, Mtakatifu Hildegard wa Bingen, abesi wa Ujerumani, alitunga mchezo mzima wa nyimbo, ambamo Fadhila zinaipigania roho ya mwanadamu, na Shetani anajaribu kuinyakua. Karne moja baadaye, Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha katika Summa yake ya kwamba kazi ya mwigizaji, kwa kuwa inamletea mwanadamu pumziko la moyo, si haramu kwa asili yake, ilimradi pasiwe na maneno au matendo machafu, na mambo yafanywe kwa wakati unaofaa. Wajesuiti nao waliigeuza michezo kuwa sehemu ya elimu. Kanuni zao za masomo za mwaka 1599 hazikukataza michezo, bali ziliiwekea mipaka mikali: iwe kwa Kilatini, ifanywe kwa nadra, habari yake iwe takatifu, wala pasiwe na mwanamke ndani yake. Katika shule za Shirika hilo walisoma Corneille na Molière, waandishi wakubwa wa michezo wa Ufaransa.

Tena wengi wetu tunampenda Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu, lakini si wote wanaojua ya kwamba alitunga michezo minane kwa ajili ya masista wenzake wa Karmeli ya Lisieux. Mwezi wa Januari, mwaka 1895, yeye mwenyewe aliigiza sehemu ya Yoana wa Arko, na moto uliotumika katika onyesho la kuchomwa kwake nusura umwunguze kweli. Mwaka uliofuata alitunga mchezo mwingine ambamo sauti za pepo wabaya zinasikika. Fikirini, wasomaji wapenzi: ndani ya monasteri, mbele ya masista waliojifungia duniani, Lusiferi alipewa maneno ya kusema, na aliyempa ni mmoja wa Walimu wa Kanisa! Wala hapana aliyesema ya kwamba Teresia amejifunga kwa Shetani.

Basi swali halisi si kama Mkristo aweza kuigiza, maana hilo limekwisha kujibiwa. Swali ni hili: Je, anayeuvaa uso wa mwovu mchezoni, anaushiriki uovu wake?

Hapa hatuna haja ya kwenda mbali. Tukumbuke jioni tulipokuwa watoto, tukiota moto miguuni pa bibi. Bibi alisema “Paukwa”, nasi tukaitikia “Pakawa”. Kwa neno hilo moja tumekwisha kupatana: yatakayofuata ni hadithi. Baadaye bibi aliigeuza sauti yake ikawa nzito ya fisi, mlafi na mwenye hila, hata tukajivuta karibu na mama zetu. Kesho yake hapana mtoto aliyemwita bibi mlafi. Tulijua vema ya kwamba fisi si yeye, na tulijua pia ya kwamba asingeiiga vizuri sauti ya fisi, tusingeuchukia ulafi.

Mwongo na mwigizaji wanafanana kwa nje, kwa kuwa wote wawili husema maneno yasiyo yao. Lakini mwongo hutaka tuamini ya kwamba ni yake. Mwigizaji hutaka tujue ya kwamba si yake. Mwongo akijulikana, ameshindwa. Mwigizaji asipojulikana kuwa anaigiza, ndipo ameshindwa.

Tena tunao mfano ulio mkubwa zaidi, nao ni wa kila mwaka. Dominika ya Matawi na Ijumaa Kuu, Mateso ya Bwana wetu yasomwapo kwa kugawana sehemu, ni nani anayepaza sauti ya umati uliotaka Bwana asulibiwe? Ni sisi waumini: wazee wa kanisa, akina mama wa Wawata, na watoto wa Komunyo ya kwanza. Mama Kanisa hatuachi tuketi kama watazamaji wasio na hatia. Anatutia mdomoni maneno ya wale waliokosa, ili tutambue ya kwamba dhambi ile ni yetu pia. Na katika parokia nyingi Njia ya Msalaba huigizwa barabarani. Yuko anayekuwa Pilato, yuko anayekuwa askari mwenye mjeledi. Kama kuvaa sehemu ya mkosefu ni kukosa, basi sote tumekosa kila mwaka kwa amri ya Kanisa lenyewe. Jambo hilo haliwezekani.

Lakini mzazi mwenye akili atatujibu: “Sawa, lakini askari mwenye mjeledi hamfanyi mtoto wangu atamani kupiga watu. Sehemu ya mke wa Potifa ni ya namna nyingine. Dhambi hiyo ina utamu, na wimbo huuongeza utamu.” Hapo mzazi huyo amesema neno la kweli kabisa, tena neno ambalo walimu wengi hawalifikirii vya kutosha.

Mchezo wa nyimbo una nguvu ambayo mchezo wa maneno matupu hauna. Maneno hupita, wimbo hubaki. Watazamaji watasahau mahubiri mema ya mzee Yakobo kabla hawajafika nyumbani, bali wimbo mtamu watauimba shambani juma zima, na watoto watauimba wakiteka maji. Kwa hiyo mwalimu anapochagua mchezo wa nyimbo, asiulize tu, “Je, mwisho wake wema unashinda?” Aulize pia, “Wimbo ulio bora kuliko zote umepewa nani?” Mchezo ambao wema hushinda kwa maneno, huku dhambi ikishinda kwa sauti, umemdanganya msikilizaji. Huo ni uongo, hata kama mwisho wake umebandikwa sala.

Mtakatifu Hildegard alilijua jambo hili. Katika mchezo wake Fadhila zote huimba, na roho ya mwanadamu huimba, ila Shetani haimbi kamwe. Yeye husema kwa kelele tu, kwa sababu aliyejitenga na Mungu amejitenga na ulinganifu wote. Hatusemi ya kwamba kila mchezo wa shule ufuate kanuni hiyo. Lakini mwalimu wa kwaya wa parokia ile angeweza kujifunza kwake. Mke wa Potifa angeweza kupewa sauti kavu isiyo na kiitikio, na Yosefu anapojibu ya kwamba hawezi kumkosea Mungu, ndipo kwaya nzima ingeinuka kwa sauti nne, na ngoma kuanza. Hapo watoto wangerudi nyumbani wakiuimba ujibu wa Yosefu.

Basi, je, ingefaa kuiondoa sehemu ile yote? Tunasema hapana, na mtoto yule aliyekaa mbele ndiye aliyetoa hoja iliyo bora. “Amekosa nini?” Kitabu cha Mwanzo, sura ya 39, kinatupasha wazi ya kwamba Yosefu alishawishiwa siku baada ya siku, akakataa, akashikwa nguo, akaiacha nguo akakimbia, akasingiziwa, akafungwa. Ukiondoa kishawishi, umeondoa na fadhila. Anayebaki ni kijana aliyetiwa gerezani bila sababu, na Mungu anayeonekana kuwaacha watu wake wateswe ovyo. Wazazi walitaka kuondoa mfano mbaya, kumbe waliuondoa mfano mwema. Maana katika mchezo ule wote hapakuwa na onyesho lililowahusu vijana wale kuliko hilo. Ni wangapi kati yao watakaouzwa utumwani na ndugu zao? Lakini ni wangapi watakaoshawishiwa na mtu mwenye cheo na fedha, katika nyumba ambamo wameajiriwa, na kusingiziwa wakikataa? Msichana anayekwenda mjini kufanya kazi za nyumbani anaihitaji habari ya Yosefu kuliko anavyohitaji sanduku la nguo.

Wala si sisi wa kwanza kuiimba habari hiyo. Washairi wa Kiswahili wa pwani waliitungia tenzi habari ya Yusufu zamani, zikasomwa mbele ya wazee na vijana, wala hawakumficha mwanamke yule. Na huko Uingereza, tarehe 1 Machi, 1968, wavulana wa shule ya Colet Court mjini London waliimba habari hiyo hiyo kwa muda wa dakika 15 hivi; nyimbo zilitungwa na Andrew Lloyd Webber, na maneno na Tim Rice, vijana wawili ambao hawakuwa na jina bado. Kazi ile ndogo ya shule ilikua baadaye ikawa mchezo mkubwa unaoonyeshwa katika nchi nyingi. Shule inayotaka kuuonyesha mchezo wa namna hiyo ikumbuke ya kwamba kazi hizo zina wenyewe: hutolewa kwa ruhusa na malipo, wala haifai kukata au kubadili sehemu bila idhini ya wenye haki. Mwalimu anayejua ya kuwa watu wake hawatakubali onyesho fulani, afadhali achague mchezo mwingine, au atunge wake, kama ilivyofanya shule ya mwandishi wetu, kuliko kuichukua kazi ya mtu na kuikatakata gizani.

Mtaguso wa Vatikano wa Pili, katika hati yake ya mwaka 1963 juu ya vyombo vya upashanaji habari, umefundisha ya kwamba kuueleza na kuuonyesha uovu kwaweza kumsaidia mwanadamu kujijua kwa undani zaidi, na kuuonyesha uzuri wa kweli na wema; lakini ni lazima kufuate sheria ya maadili, hasa pale mambo yanapohitaji heshima, au yanapoweza kuamsha tamaa mbaya. Hapo tunayo mizani yenye sahani mbili. Anayeitumia sahani moja tu hapimi, anakisia.

Sasa tuseme neno kwa wale wanaodhani ya kwamba jumuiya ikizuia mchezo, imemaliza jambo. Katika mji mdogo wa Fulton, katika Missouri huko Marekani, shule ya sekondari ilionyesha mchezo wa nyimbo uitwao Grease mwishoni mwa mwaka 2005. Mwalimu alikuwa amekwisha kupunguza maneno makali. Baadaye zikaja barua chache za malalamiko juu ya kuvuta sigara, kunywa pombe na kubusiana jukwaani. Pengine barua hizo zilikuwa na haki yao; sisi wenyewe tusingeuchagua mchezo ule kwa shule ya parokia. Lakini ona yaliyofuata. Mkuu wa elimu wa hapo, akiogopa ugomvi mwingine, aliuzuia na mchezo wa pili uliokusudiwa kuonyeshwa miezi michache baadaye, nao ni The Crucible wa Arthur Miller. Mchezo huo wa mwaka 1953 waeleza habari za mji wa Salem mwaka 1692, ambapo watu 19 walinyongwa kwa kusingiziwa uchawi, kwa sababu hofu na uvumi vilitawala na watu wenye akili wakanyamaza. Kwa hiyo mchezo unaofundisha hatari ya hofu ulizuiwa kwa hofu. Barua zilihusu mchezo mmoja. Adhabu ikauangukia mwingine.

Hofu ndivyo ilivyo. Haina mpaka, kwa kuwa haina hoja. Dhamiri husema, “Jambo hili ni baya kwa sababu hii,” nawe waweza kuijibu. Hofu husema, “Watu watasemaje?” nayo haijibiki, maana watu hawakomi kusema. Sisi wenyewe tunakumbuka jinsi misioni nyingi zilivyoikataza ngoma, si kwa sababu ngozi na mti vina dhambi, bali kwa kuogopa. Hata hivyo mwaka 1958, Padre Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, aliwatoa wavulana na walimu wa shule ya Kamina huko Kongo wakaimba Misa yao kwa milio ya kwao, ile Missa Luba, nayo Ulaya ikasikiliza kwa mshangao. Mwaka 1963 Mtaguso ukaagiza ya kwamba muziki wa mataifa katika nchi za misioni upewe heshima unayostahili. Leo ngoma inapolia wakati wa kupeleka vipaji, nani anayeona haya? Wale waliochelewa kuipokea hawakuwa watu wabaya. Ila walidhani ya kwamba kitu wasichokizoea ndicho kitu kibaya.

Hata hivyo tusiwape walimu ushindi wote. Yako makosa yao pia, nayo ni makubwa. Mtaguso ule ule ulifundisha mwaka 1965 ya kwamba wazazi ndio walimu wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Shule huwasaidia tu, wala haiwarithi wangali hai. Miezi miwili watoto walifanya mazoezi, na wazazi hawakuambiwa neno. Walisikia kwa uvumi, na uvumi daima huimba vibaya kuliko mwimbaji. Laiti mwalimu angewaita wazazi siku ya kwanza, akawasomea maneno yote, akawaeleza kwa nini sehemu ile imo na itaonyeshwa namna gani, pengine wangekataa, pengine wangekubali. Lakini wangekuwa washauri, si waamuzi waliokuja usiku. Anayewadharau watu wa kijiji chake kwa kuwa hawajazoea jukwaa, hafai kuwasimamisha watoto wao juu yake.

Basi twatoa rai yetu kwa shule na parokia zetu. Maneno ya mchezo yasomwe mbele ya wazazi kabla ya mazoezi, wala si baada yake. Sehemu ya mkosefu apewe mtu baada ya kuulizwa yeye na wazazi wake. Na mtoto akisema, “Naona haya,” asilazimishwe wala asichekwe, maana haya ni mlinzi aliyewekwa na Mungu. Mahali ambapo sehemu ni nzito mno kwa umri wa mtoto, aichukue mwalimu au mama mtu mzima, au mke wa Potifa asionekane, isikike sauti yake tu nyuma ya pazia. Mwili wa mtoto usiuzwe kamwe kwa macho ya watazamaji kwa kisingizio cha sanaa. Mchezo unaohitaji hivyo ukataliwe, hata kama dunia nzima inausifu. Na kabla ya kuanza, asimame msimulizi awaambie watu “Paukwa” kwa namna yake, wapate kuitikia: yaani wajue wanatazama nini na kwa nini. Mwisho waigizaji wote watoke pamoja, Yosefu na mke wa Potifa na ndugu wauzaji, wainame mbele ya watu kwa nyuso zao wenyewe na majina yao yatajwe. Desturi hiyo si mapambo. Ndiyo inayomvua mtoto uso aliouvaa na kumrudisha kwa watu wake.

Hapo ndipo tunapomrudia binti yule. Je, alinusurishwa au alidhulumiwa? Tunamjibu baba yake wazi: alidhulumiwa, ingawa na watu waliodhani wanamnusuru. Kama angeruhusiwa kuimba, watu wangemwona mke wa Potifa akishindwa na Yosefu akishinda, kisha wangemwona msichana wao akiinama na kucheka na wenzake, nao wangejua tofauti. Kwa kuwa alizuiwa, hawakuona kitu. Walibaki na jina tu. Mchezo uliofichwa ulimpaka tope ambalo mchezo ulioonyeshwa ungemwosha. Tena aliondolewa bila kuambiwa sababu, kana kwamba kosa ni lake, hali sehemu ile alipewa na mwalimu wake, naye alitii. Yosefu naye aliadhibiwa kwa kutenda mema nyumbani mwa watu. Katika mchezo ule, binti huyu ndiye aliyeonja kweli habari ya Yosefu, nje ya jukwaa.

Kwa hiyo haitoshi jina lile lisahauliwe polepole. Lilitolewa hadharani, lirudishwe hadharani. Mwalimu mkuu aseme mbele ya shule ya kwamba msichana huyu hakukosa. Wazazi waliolalamika, ambao nia yao ilikuwa njema, wawaonye watoto wao kisimani. Maana waliogopa wimbo mmoja wa kushawishi, na sasa midomo ya watoto wao inaimba masingizio, nayo ni dhambi ya mke wa Potifa yenyewe. Yeye alimshawishi Yosefu, kweli. Lakini kilichomtia Yosefu gerezani ni kusingiziwa.

Nawe baba, mwambie binti yako usiku wa leo ya kwamba Papa Yohane Paulo wa Pili, alipokuwa kijana, aliigiza kwa siri katika nyumba za watu huko Kraków kuanzia mwaka 1941, wakati nchi yake ilipokaliwa na Wanazi na michezo ya namna hiyo ilikuwa hatari kwa maisha. Mwaka 1999 aliwaandikia wasanii barua akiwafundisha ya kwamba hata wanapochungulia vilindi vya uovu, kwa namna fulani wanaitamkia dunia kiu yake ya kukombolewa. Mwambie sauti yake ni kipaji cha Mungu, na kipaji hakina kosa. Kisha mpeleke kwaya Dominika hii, ukae mbele, na akiimba umtazame usoni, watu wote wakuone unavyomtazama.